Kitanda cha Msafiri

Shuka lilikuwa na joto.

Sadiya aliuondoa mkono wake haraka, akautazama kama kitu alichokiokota. Mbele ya kitanda palikuwa na kamba nyekundu iliyofungwa ukuta hadi ukuta, na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: USIGUSE. Wenzake wa chuo walikuwa wamesogea dirishani kumsikiliza kiongozi wa wageni, hivyo hakuna aliyemwona akiinama juu ya kamba ile. Mto ulikuwa umebonyea katikati, pale kinapokaa kichwa. Na kulikuwa na harufu. Vyumba vingine vilinuka vumbi na dawa ya mchwa. Hapa palinuka manyoya ya mbuzi aliyenyeshewa.

Mama amechoka kufagia, akajilaza kidogo, alijiambia. Basi.

Nyumba ile ya udongo na mabati, nyuma ya soko la Arua, ilijengwa na Effendi mmoja, ofisa wa wale askari wa Kinubi waliotoka Sudan enzi za babu zao. Sasa, mwaka 1975, serikali ilikuwa imeigeuza nyumba ya kumbukumbu, wageni waje waone waasisi wa mji walivyoishi. Vitu vya Effendi mwenyewe vilikwisha kupotea zamani, kwa hiyo kamati ilipita mitaa ya Wanubi ikiomba. Huyu alitoa birika la kahawa, yule kawa za ukindu. Madinah, mama yake Sadiya, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tahiru, alitoa kitanda cha kamba cha mwanawe wa kwanza.

Watu walishangaa. Sadiya alijua sababu.

Kwao, mtu akiwa safarini kitanda chake hukaa kimetandikwa, na hakuna anayekilalia mpaka arudi. Hata cha Sadiya kilitandikwa hivyo kila alipopanda basi la Kampala. Mtu akifa, kitanda chake hutolewa uani, hupinduliwa miguu juu, na hapo ndipo watu huketi matanga. Tahiru alikuwa sajini. Mwaka uliopita aliitwa ofisini kambini kwa mazungumzo, na mazungumzo hayo hayajaisha mpaka leo. Wakubwa wake walisema ametoroka, amepita Koboko akaingia Sudan. Wajomba, wasiosema mengi, walitaka kitanda kipinduliwe. Mama alikataa. Walipozidi kumsonga, akakipeleka mahali ambapo sheria yenyewe inamkataza mtu kukigusa, kisha akaomba kazi ya kufagia humo.

Na Sadiya alikuwa na habari. Askari rafiki wa Tahiru alimfuata chuoni, amevaa kiraia, akamwambia ameuona mwili kwa macho yake, nyuma ya lori, na kovu la paji la uso ni lile lile. Safari hii ya chama cha historia ilikuwa kisingizio tu cha kurudi nyumbani. Tangu jana alikuwa akilala chumba kimoja na mama yake, na tangu jana maneno mawili, Tahiru amekufa, yalikuwa yamemkaa kooni. Yeye, ambaye ukumbini kwenye midahalo alikuwa akiwanyamazisha wanaume wanaosomea sheria mpaka wanatafuta pa kuweka mikono.

"Dirisha hii," alikuwa akisema Mzee Asuman, kiongozi wao, askari mstaafu mwenye fimbo kwapani, "ndiyo Effendi alikuwa anaangalia mji yake. Kabla yeye kuja, hapa iko majani na simba tu."

"Na sisi Walugbara?" aliuliza Driciru, rafiki yake Sadiya, mtu wa Ayivu, kando ya mji. "Tulikuwa majani au tulikuwa simba?"

"Wewe, kwa mdomo hiyo, simba."

Wanafunzi walicheka. Mzee naye alicheka, akapiga fimbo sakafuni kutaka kuendelea.

"Mzee Asuman, waambie na wake zake," Sadiya alisema. "Walitoka wapi?"

"Kwa baba zao."

"Waliposwa, au walichukuliwa?"

"Binti ya Madinah," mzee alisema taratibu, "chuo inakufundisha kuuliza. Kunyamaza hapana kufundisha?"

"Kunyamaza tumefundishwa hapa hapa nyumbani, Mzee."

Mwanafunzi mmoja alitazama mlangoni, kama watu walivyokuwa wakitazama milango miaka ile. Hapo kamba za kitanda zililia, kwii, polepole, kama zinavyolia mtu anapogeuka upande.

"Panya," alisema Mzee Asuman. Lakini alisema akiwa amekipa kitanda mgongo. "Twende jikoni. Mvua inakuja."

Ilikuwa inakuja kweli, kutoka upande wa Kongo, na mchana ule ukawa mweusi kama chungu. Wenzake walikimbilia jiko lililokuwa uani. Sadiya alibaki, kwa sababu mama yake alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma na sinia la kahawa.

Kwenye mwanga wa mlango ndipo alipoona jinsi mama alivyokwisha. Usiku uliopita taa ya kibatari ilikuwa imemficha. Shingo ilikuwa imebaki kano, bangili zilipanda na kushuka mkono mzima, na alitembea kwa uangalifu kama mtu anayeogopa upepo. Aliinama chini ya kamba nyekundu kama mwenyeji apitavyo uani kwake. Akanyoosha shuka. Akamimina vikombe viwili vya kahawa ya tangawizi, akaweka kimoja kichwani pa kitanda.

"Mama, hiyo ya nani?"

"Ongea polepole. Saa yake imefika."

"Saa ya nani?"

"Ndugu yako. Anakuja alasiri. Analala kidogo, tunaongea, anaenda." Mama alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la zamani, la kabla Tahiru hajaitwa kambini. "Mimi nilitaka kukuambia jana. Niliogopa utaleta maneno yako ya chuo."

Sadiya alifungua mdomo kusema yale maneno mawili. Mvua ilipiga mabati.

Kisha kamba zikalia, na safari hii alikuwa akizitazama, akaona shuka likibonyea kwanza pa makalio, kama mtu anayeketi kuvua viatu, halafu pa mgongo, halafu mto ukazama taratibu mpaka kina cha kichwa, na harufu ile ya manyoya mabichi ikajaa chumbani hata kahawa isinuke tena, na kikombe kilichokuwa kichwani kikaacha kutoa moshi mara moja, kama kimepulizwa, na kutoka juu ya mto mtupu sauti ya kaka yake, nzito ya usingizi, yenye mkwaruzo ule ule wa sigara, ikasema:

"Sadi amekuja."

Hakuna mwingine duniani aliyemwita Sadi. Aliketi pale pale sakafuni, na kwa muda, Mungu amsamehe, alifurahi. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

"Umenona," sauti ilisema. "Mama alisema umekonda, kumbe umenona."

"Tahiru," alisema. "Tahiru, walikufanya nini?"

"Mimi niko safari. Nimepita Koboko. Nitarudi."

Neno kwa neno ndivyo mama alivyokuwa akiwajibu majirani. Sadiya alifuta uso. Kitu fulani ndani yake, kile kilichozoea kusikiliza hoja ya mpinzani na kutafuta mahali ilipotoboka, kiliamka bila kuitwa.

"Unakumbuka ulivyoanguka mwembeni?"

"Nikapasuka paji la uso. Mama akanifunga na kitambaa ya njano."

"Na jina la mbwa wetu?"

"Bimbashi. Mama alimchukia."

"Na siku uliponipeleka basini, naenda Kampala mara ya kwanza. Mama hakuja, alikuwa na homa. Uliniambia nini pale mlangoni pa basi?"

Mvua ilinyesha. Shuka halikutikisika. Kisha mto ukageuka, taratibu, shimo la kichwa likahama kutoka upande wake kwenda upande wa mama, na ile sauti, bila usingizi sasa, bila mkwaruzo, sauti laini isiyokuwa ya mwanamume wala mwanamke, ikauliza:

"Mama, nilimwambia nini?"

"Mama, toka hapo," Sadiya alinong'ona. "Huyo si yeye. Anajua yale uliyomwambia wewe tu. Anakula maneno yako. Jiangalie ulivyo, Mama, anakula na wewe."

Madinah hakutoka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya shuka, pale ambapo mkono wa mtu ungekuwa.

"Unafikiri mimi hapana jua?" alisema, kwa sauti ya chini, bila hasira. "Mtoto nilizaa mwenyewe, nitakosa kumjua? Siku ya kwanza tu nilijua. Kitanda yangu iliita mutu, na mutu mwingine akasikia." Alimeza mate. "Lakini huyu ananiita Mama. Huko nje wananiambia nisilie, kwa sababu hapana mutu amekufa. Wananiambia nisingoje, kwa sababu ametoroka. Sasa mimi nifanye nini na mikono yangu, Sadiya? Mwache alale."

Sadiya aliona vidole vya mama vikizidi kuwa vyeupe juu ya shuka, aliona mshipa wa shingo ukipiga polepole, na akajua kwamba akiondoka leo bila kusema, akirudi likizo ijayo atakuta kitanda kimeshiba na mama hayupo. Aliinuka. Aliingia chini ya kamba nyekundu, akashika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, na kitanda kilikuwa kizito kama kimelaliwa na watu wanne, na sauti ikaanza kumwita, Sadi, Sadi, Sadi, sasa kwa sauti ya Tahiru mtoto, Tahiru aliyevunjika jino, Tahiru aliyekuwa akimbeba mgongoni mpaka sokoni, na yeye akasukuma akilia, akasukuma huku kahawa ikimwagika miguuni, akasema kwa sauti ambayo jiko zima liliisikia:

"Tahiru amekufa! Mama, Tahiru amekufa. Wamemuua. Amekufa."

Kitanda kilipinduka. Kitu kilianguka chini upande wa pili, kizito na kibichi, kikapita kati ya miguu yao kwa baridi kali, na mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe kwenye mvua.

Miguu minne ya kitanda ilisimama juu hewani. Mama aliitazama. Halafu akalia kile kilio alichokuwa amenyimwa mwaka mzima, na Sadiya aliposikia kilio hicho alitamani kukirudisha kitanda kama kilivyokuwa.

Mzee Asuman alifika wa kwanza, wanafunzi nyuma yake. Aliona miguu juu. Hakuuliza. Alikata kamba nyekundu kwa kisu cha mfukoni, akavua viatu, akaketi sakafuni ukutani kama watu wanavyoketi matanga, na fimbo yake akailaza chini. Driciru akaketi. Mmoja mmoja wakaketi wote, wengine hata dini hiyo si yao, makalio kwenye sakafu ya nyumba ya kumbukumbu ya serikali. Askari wa lindo alipochungulia kutoka barabarani kuuliza kelele za nini, mzee alijibu bila kuinuka:

"Wageni wanapumzika. Mvua."

Mama alipomaliza sauti yake alimgeukia binti yake, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Wewe umemuua mara ya pili," alisema. Kisha akamvuta kifuani.

Kesho yake majirani, kwa aibu na kwa kunong'ona, walianza kumwita Mama Sadiya. Aliitika. Alikula kidogo. Rangi ilianza kumrudi vidoleni, na basi la chuo lilipopiga honi alimsindikiza binti yake hadi mlangoni, akasema aende, asome, hapa kila kitu kimekwisha. Sadiya aliamini, kwa sababu alitaka kuamini. Hakuangalia nyuma ndani ya chumba, ambako mama alikuwa amekwisha kutandika kitanda cha Sadiya, kitanda cha msafiri.

Likizo fupi iliyofuata Sadiya alibaki Kampala kwa mdahalo mkubwa. Alishinda. Driciru alikwenda Ayivu kwao, akarudi na mihogo mikavu na salamu.

"Nilipita kwa mama yako," alisema, akifungua mfuko. "Amekonda tena, lakini ana furaha, sijui vipi. Anacheka peke yake. Anakushukuru sana."

"Kwa nini?"

"Eti unakwenda kumwona kila alasiri. Nilidhani ni maneno ya uzee, nikamwitikia." Driciru alisita, mhogo mkononi. "Anasema mikono yako baridi sana, uvae sweta. Na ameniambia nikuulize kitu. Anasema kila siku unamuuliza yeye, eti Tahiru alikuambia nini siku ile ya basi. Anasema wewe ndiye umwambie, kwa sababu yeye hakuwepo, na unavyomuuliza unamtisha."

Sadiya alisimama. Dirisha la bweni lilikuwa wazi, jua lilikuwa la alasiri, na basi la Arua lilikuwa limeondoka asubuhi. Lingine mpaka kesho.

Hakuwa amemwambia mtu yeyote duniani. Mlangoni pa basi, Tahiru alimpandishia sanduku lake, akashika mlango usifungwe, akasema: "Sadi, mimi nisiporudi siku moja, usimwache Mama peke yake."