Tochi ya Ardith

Kivuli kilizidi kimoja.

Verlon Stuckey alikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, mjini Toledo, akitengeneza redio kuukuu ya mchumba wake, Nadine. Theluji ikiisha angemwoa. Kanisani walishanong'ona hadi midomo ikakauka, maana kaburi la mkewe Ardith lilikuwa halijaota hata majani. Enzi za uhai wake, mzee Verlon akilehemu, Ardith ndiye aliyemmulikia kwa tochi juu ya bega la kushoto.

"Juu kidogo, mama," Verlon alikuwa akisema, na mwanga unapanda.

Sasa mmulikaji hayupo. Basi akaipasua tochi ileile, akang'oa vitaa vyake viwili, akavifunga kwenye shingo ya chuma cha kulehemia, kimoja kulia, kimoja kushoto, mkono usijizibie mwanga. Tochi tupu akaitupa rafuni. Wanaume bwana!

Akawasha. Vitaa viwili, vivuli viwili vya mkono wake. Na cha tatu, chembamba, kidole cha mwisho kimepinda, kama cha Ardith tangu alipobanwa na mlango wa gari. Moshi wa kulehemu ukanukia lavenda, mafuta yake ya mikono.

"Ardith?"

"Unaongea na nani huko?" Nadine alishuka na bakuli la makaroni.

"Na redio yako."

"Redio yangu siku hizi inaitwa Ardith?"

Vitaa vikazimika. Giza totoro.

"Mzee wangu na mitambo yake!" Nadine akacheka, akapapasa rafuni. "Hii hapa tochi. Nikumulikie?"

"Usiishike hiyo!"

"Kwani inauma?"

Pumzi baridi ikamwambia Nadine sikioni, taratibu: "Juu kidogo, mama."

Bakuli likapasuka, Nadine akapanda ngazi kwa magoti na viganja huku akilia, pete ya uchumba ikadondoka ikabiringika ngazi hadi ngazi, mlango ukabamizwa, gari likanguruma, likapotea, na Verlon akabaki gizani akisikia mtu akihema nyuma ya bega lake la kushoto.

"Ardith, niachie huyu," alinong'ona. "Peke yangu siwezi."

Akang'oa vitaa kwenye chuma cha moto, vidole vikiungua.

"Basi, nimekosa. Kazi ya kumulika ni yako."

Mwanga ukawaka begani, umetulia, palepale pa siku zote. Vitaa vilikuwa bado ngumini mwake.

Akalehemu, machozi yakimtiririka, hadi redio ikakoroma.

"Inatosha, mama. Zima."

Mwanga ukapanda juu kidogo, ukatua usoni pake, ukakaa.