Boga Chungu na Viboga vya Ukutani

Jumamosi ile niliacha cherehani mapema, nikaingia jikoni. Mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua maharage. Nilikata boga la bustani yetu, zito na la kupendeza. Nilipolionja sufuriani, lilikuwa chungu kama shubiri. Nikaongeza sukari. Msinicheke, kutupa boga zima kunahitaji moyo.

Saa moja baada ya kula, binti yangu alitapika. Mume wangu akafuata. Mama mkwe alianguka mlangoni mwa choo. Mimi niliyekula vijiko viwili tu nilibaki mzima, na uzima huo ndio ulioniponza.

Kwenye kituo cha afya walitundikiwa dripu. Kesho yake tulirudi nyumbani, na mama mkwe hakunitazama usoni.

"Wewe ulikula kidogo," alisema. "Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umetuachia tule wenyewe."

Miaka tisa nampikia.

"Mama, niliongeza sukari tu."

"Kuanzia leo sitakula kitu kilichotoka mkononi mwako."

Mume wangu aliinuka, akatoka nje. Kutoka kwake kuliniuma zaidi.

Jumatatu alikuja bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa mtaa wetu. Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyempa habari. Aligusisha ulimi kwenye kipande kibichi cha boga lililobaki, akatema hapohapo.

"Hakuna aliyewawekea sumu," alisema. "Uchungu huu ndio sumu yenyewe, na umeota ndani ya boga. Mbegu mlitoa wapi?"

"Kwenye boga la mwaka jana," nilijibu. "Lilikuwa tamu sana."

"Na vile vinavyotambaa ukutani?"

Sote tuligeuka. Vilikuwa viboga vya urembo, vidogo, vyenye mistari. Haviliwi. Mama mkwe ndiye anayevipanda kila mwaka, huvipanga juu ya kabati.

"Hivyo ni ndugu wa boga lenu," alisema bibi shamba. "Nyuki hubeba unga wa ua hili akaupeleka ua lile. Nyama ya boga hufuata mama, ndiyo maana la mwaka jana lilikuwa tamu. Mbegu iliyo ndani ni mtoto, amechukua na ya baba. Nanyi mmewapanda watoto."

Mama mkwe alivitazama viboga vyake upya. Mimi pia. Nilitaka kucheka, nikalia.

"Basi mimea kuchanganyika ni balaa," mama mkwe alisema kwa sauti ndogo.

"Umekula mkate leo, Mama?"

"Vipande viwili."

"Zamani ngano ya mkate haikuwepo. Ngano ya kale ilikutana shambani na nyasi ya porini, zikazaa. Mara nyingi mtoto wa aina mbili tofauti huwa tasa. Huyu vinasaba vyake vya urithi vilijirudufu, kila kimoja kikapata pacha, akaweza kuzaa na wenzake, lakini si kwa urahisi na wazazi wake. Hivyo ndivyo aina mpya inavyoweza kuanza. Boga lenu halijafika huko, ni mchanganyiko wa ndugu wa aina moja."

"Mkate wangu una baba wa porini?"

"Tena hata ile ngano ya kale ilizaliwa hivyohivyo."

Mama mkwe aliuchukua mkate uliobaki mezani, akaugeuzageuza.

"Sasa tufanyeje?" niliuliza.

"Onjeni kipande kibichi kabla ya kupika. Kikiwa chungu, kitemeni, na boga lote mlitupe. Moto hauondoi sumu hiyo, na sukari inaificha tu. Mbegu za boga lililokaa karibu na viboga hivi msipande. Nunueni mpya."

Jioni hiyo mama mkwe aling'oa viboga vyake kwa mikono yake mwenyewe, hakutaka msaada. Nilipanda mbegu mpya. Miezi yote ya kusubiri mavuno aliendelea kujipikia kwenye jiko lake dogo, kama aliyeshindwa kurudisha neno lake, nami nilikula kwa shida.

Siku ya kuvuna nilikata kipande kibichi nionje. Mama mkwe alininyang'anya, akakitia mdomoni. Nilisimama na kisu mkononi. Alitafuna polepole, akameza.

"Mchuma janga nilikuwa mimi, mwanangu," alisema.

Akavuta kiti, akaketi palepale jikoni.

"Haya, pika. Na mimi nipakulie wa kwanza."