Uzito wa Kiti Kitupu

Jua lilikuwa linazama Kitinda alipokitoa kile kiti cha magurudumu nje ya nyumba ya marehemu mama yake. Miezi minne tangu mazishi, na bado hakuwa amekirudisha. Mwenye kiti, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, wala hakukiulizia.

Kitinda alikuwa binti, kitindamimba kati ya watoto watano. Wakubwa wake walioa na kuolewa, wakaenda zao. Yeye ndiye aliyebaki kumgeuza mama kitandani, kumwogesha, kumlisha uji kijiko kwa kijiko. Miaka sita. Mchana alisaga vioo kwenye duka la miwani. Jioni alikuwa miguu ya mama. Sasa tajiri wake alikuwa anafungua duka la pili, mji mwingine, na alimtaka yeye akalisimamie. Mara tatu Kitinda alijibu, "Wiki ijayo." Alikuwa amechoka ule uchovu usioisha hata ulale siku mbili.

Akaanza kusukuma.

Hatua chache tu, akasimama. Kiti kilikuwa kizito.

Akainama, akabonyeza matairi. Yamejaa upepo. Akasukuma tena... kizito vilevile. Na kwenye kona kikaegemea kushoto, kama alivyokuwa akiegemea mama, upande ule uliopooza.

"Njaa tu hii," alijiambia. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

Ndipo ikamjia harufu. Kafuri. Ile dawa ya kumchua mama miguu.

Alipofika kwa Sista, jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu." Sista alimtazama, kisha akakitazama kiti. "Haya, karibuni ndani."

Karibuni?

Kitinda alikuwa peke yake.

Akakiegesha kiti karibu na mlango, akafunga breki, akajitupa kwenye kochi. Sista alimsoma uso, kisha akatoa kwenye droo karata kuukuu. Si zile za kuchezea. Zilikuwa za taroti, karata za picha, alizoachiwa na mgonjwa wake mmoja zamani.

"Mimi si mpiga ramli," alisema. "Hizi hazitabiri kitu. Mtu akikwama namwekea picha, aseme mwenyewe anachoona. Vuta tatu."

Ya kwanza: mtu aliyekumbatia mzigo wa fimbo, kichwa kimezama ndani yake.

"Unaona nini?"

"Mtu aliyechoka, Sista. Hata njia haioni."

Ya pili: mwanamume na mwanamke, minyororo shingoni.

"Itazame vizuri hiyo minyororo."

Kitinda akaisogeza kwenye taa. "Imelegea. Wangeweza kuivua."

"Enhe."

Ya tatu: mifupa juu ya farasi. Kitinda akarudisha mkono kama aliyeungua.

"Usiogope. Haisemi mtu atakufa. Inasema kitu kimekwisha."

"Lakini mama alishakufa."

"Kafa, ndiyo. Wewe ulimwahidi nini?"

Kitinda hakuwahi kumwambia mtu. Siku ya mwisho mama alimshika mkono, akamwambia usiniache. Naye akajibu, siendi popote.

Kwiii...

Nyuma yake. Gurudumu.

Breki alikuwa amezifunga mwenyewe.

Kwiii... Karibu zaidi. Kafuri ikajaa chumba kizima.

"Usigeuke," Sista alinong'ona. "Mwambie. Sasa hivi."

"Mama..." Kitinda akasema bila kugeuka. "Mama, nimechoka. Nilikutunza kwa moyo wangu wote, lakini siwezi tena. Mimi naondoka. Na wewe nenda."

Pumzi ya baridi ikamgusa sikio. Sauti nyembamba, kama ya mtu aliyengoja mno.

"Asante, dada."

Harufu ikakatika. Mabega ya Kitinda yakawa mepesi ghafla, hata akaogopa.

"Sista," alisema. "Mama hakuwahi kuniita dada. Hata siku moja."

Sista alizikusanya karata taratibu. "Kiti hiki kimekaliwa na watu tisa kabla ya mama yako. Wote niliwachua kwa kafuri ileile. Kulikuwa na binti mmoja... dada yake alitoka asubuhi, hakurudi kumuaga hadi akafa."

"Kwa hiyo huyu niliyekuwa naye nyumbani miezi yote hii..."

"Sijui, mwanangu."

"Na mama yangu? Yuko wapi?"

Sista alifungua mlango, akamshika bega. "Mimi natoa kiti tu. Anayekaa sijawahi kumuuliza."

Jumatatu iliyofuata Kitinda alihamia mji ule mwingine. Duka linakwenda vizuri. Usingizi umerudi, na uso umepata nyama kidogo. Kaka zake wanasema amekuwa mtu tena.

Lakini jioni, akishafunga duka, mara nyingi hutaka kumuaga mama yake upya, amtaje kwa jina lake hasa, ili pasiwe na makosa. Hufungua mdomo. Kisha huufunga, akawasha redio.

Anaogopa atakayeitika.