Magunia Kumi na Tisa ya Kitabuni

Kila kulipopambazuka, kabla kengele ya usafi haijagongwa, Mwatumu binti Sadalla alikuwa keshafika mlangoni mwa stoo, daftari kwapani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na muhula ule wa mwaka 1956 alikuwa kiranja wa stoo katika shule ya bweni ya wasichana ya Mzambarauni, ng'ambo ya mto Pangani. Wasichana themanini walikula kwa hesabu yake, na yeye hakuwaacha wasahau jambo hilo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja na kalamu, au umekuja na usingizi tu?"

Aliyemtania hivyo ni Mzee Hatibu, mtunza stoo, mtu wa kijiji jirani, aliyeshika funguo zile kwa miaka tisa. Alisema bismillahi, akafungua gunia, akapima unga wa siku kwa pishi huku Mwatumu akiandika. Kila gunia lilipokwisha, Mwatumu alipunguza moja kwenye hesabu.

Mzee Hatibu alikuwa na desturi yake, na wazee wengi wa pwani walikuwa nayo. Chakula kinachotoka alikipima mpaka chembe ya mwisho, lakini kilichobaki hakukihesabu hata kwa macho. "Kilichobaki kikihesabiwa, baraka huondoka," alisema. Kwa hiyo kazi ya kuhesabu magunia yaliyobaki, kila Jumamosi, aliachiwa Mwatumu. Alipaswa kuingia mpaka nyuma, kuyagusa magunia moja moja, kisha kuandika "Nimehesabu" na kutia sahihi.

Sasa stoo ile, nyie, ilikuwa na joto na giza, na nyuma kule panya walikuwa wenyeji zaidi ya watu. Mwatumu alijiuliza kwa nini ajitese. Hesabu ya kutoa anaijua. Wiki iliyopita kulikuwa na magunia fulani, wiki hii yamekwisha matatu, basi jibu si lipo? Akasimama mlangoni, akatoa, akaandika "Nimehesabu", akatia sahihi ya kupendeza yenye mkia mrefu, huyo akaenda zake kwenye mpira wa pete. Wiki tano alifanya hivyo.

Jumamosi ya sita akaja mgeni. Aliitwa Bwana Asheri, kijana wa Usambara, mwanafunzi wa chuo cha juu huko Kampala. Mwalimu Bertha, mwalimu mkuu, alimtambulisha kwa wasichana waliokuwa uwanjani.

"Bwana Asheri anafanya utafiti juu ya ghala," alisema. "Amekwisha kutembelea mashamba ya mkonge na maduka ya Tanga mjini. Leo anatazama stoo yetu."

"Utafiti juu ya magunia?" Ruthi, rafiki yake Mwatumu, alinong'ona. "Kumbe kuna watu wanasomea magunia."

Bwana Asheri alisikia, akacheka. "Ninasomea, ndiyo. Nina maswali mawili tu, dada. Kitabu kinasema kuna nini? Na ukiingia ndani, unakuta nini? Majibu yakitofautiana, hapo ndipo kazi yangu inapoanza."

Mwatumu alitoa daftari lake kwa majivuno. Kitabu kilisema magunia kumi na tisa ya unga. Bwana Asheri akasifu mwandiko, kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati na kuingia stoo mwenyewe. Walimsikia akihesabu kwa sauti huko nyuma. Alihesabu mara moja. Akahesabu tena. Alipotoka, vumbi la unga limemjaa nywele, hakuwa akicheka.

"Ni kumi na matatu," alisema.

Mwalimu Bertha alidhani amesikia vibaya. Akaingia mwenyewe, akayagusa magunia moja moja, akatoka uso umembadilika. Magunia sita ya unga wa watoto hayapo. Wote pale walipigwa na butwaa. Bila mtu kuagiza, macho yote yakageukia mtu mmoja mwenye funguo mkononi.

"Mzee Hatibu," Mwalimu Bertha alisema polepole, "magunia sita yako wapi?"

Atajibu nini mtu asiyehesabu kilichobaki? "Mwalimu, mimi sijui. Mimi hupima kinachotoka tu. Naapa sijatoa hata kibaba nje ya mlango huu."

"Na mlango huu una funguo ngapi?"

"Moja, Mwalimu. Hii hapa."

"Basi nipe. Nenda nyumbani. Jumatatu nitaandika barua kwa afisa wa elimu Tanga, na yeye ndiye atakayeamua."

Mwatumu alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, daftari mkononi. Alikuwa amekumbuka. Siku unga ulipoletwa mvua ilikuwa ikinyesha, na mpira wa pete ulikuwa karibu kuanza. Mzee Hatibu alikuwa ndani akipanga magunia, na yeye alikuwa nje kibarazani na karatasi ya dereva wa lori iliyosema magunia thelathini. Dereva alimwambia wazi kabisa: "Pantoni imekataa mzigo wote kwa mara moja. Sita yamebaki ng'ambo kwa karani wa kivuko. Yatavuka kesho." Mwatumu alijibu "Haya," akaandika thelathini, akatia sahihi, kwa kuwa yatakuja kesho. Kesho ile hakuja mtu, naye akasahau. Kama Jumamosi moja tu, kati ya zile tano, angeingia ndani na kuhesabu, angejua.

Aliinua kichwa akamwona Mzee Hatibu akikabidhi ufunguo. Mwatumu alitaka kusema, lakini akaliona lile neno "Nimehesabu" limeandikwa mara tano kwa mkono wake, akalifunga daftari. Mzee akaondoka bila kumtazama mtu.

Jumapili ilikuwa ndefu ajabu. Habari ilikwisha kufika kijijini kabla ya adhuhuri, tena imenenepa njiani. Msichana aliyetumwa kununua chumvi alirudi akisema watoto wa kijijini wamemfuata Mzee Hatibu wakimwita mla unga, na kwamba mkewe, Bi Mboni, aliondoka kisimani na ndoo tupu. Mwatumu alisikia hayo akiwa na tonge mkononi. Akalirudisha sahanini.

"Una nini wewe?" Ruthi alimwuliza.

Mwatumu akamweleza yote. Ruthi akasema kwa sauti ndogo, "Ukinyamaza, nani atajua?"

"Mimi najua," Mwatumu alijibu, na akaanza kulia.

Jumatatu asubuhi alibisha mlango wa ofisi. Mwalimu Bertha alikuwa mezani, barua imekwisha andikwa, bado kutiwa kwenye bahasha. Bwana Asheri alikuwa amekaa pembeni na madaftari yake. Mwatumu hakuweza kuketi. Alisema yote akiwa amesimama: dereva, mvua, pantoni, na zile Jumamosi tano.

Mwalimu Bertha alipigwa na mshangao kuliko siku ile ya magunia. "Mara tano," alisema. "Mara tano umeandika umehesabu, na hukuhesabu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na Jumamosi ulisimama pale ukamwona babu wa watu akifukuzwa?"

Mwalimu aliichana barua vipande vinne, akachukua mwavuli wake. "Twendeni kivukoni," alisema.

Ng'ambo ya mto, karani wa kivuko aliyeitwa Idarusi aliwapokea kama mtu aliyechoka kungoja. "Wiki sita hizi," alilalamika. "Dereva yule alihamishwa. Nimemwagiza dereva mpya mara mbili, naona hakufikisha. Njooni muone." Akafunua turubai bandani. Magunia sita yalikuwa pale, yenye chapa ya shule. Mawili yalikuwa yamelowa mvua, yameota ukungu, hayafai hata kwa kuku.

Bwana Asheri aliandika kitu daftarini mwake. Mwatumu alimwuliza kwa woga kama ataandika jina lake.

"Sitaliandika," alijibu. "Nitaandika kwamba kitabu kilichonakiliwa kutoka wiki iliyopita si hesabu. Na nitaandika kwamba mtunza stoo naye lazima ahesabu, tena pamoja na kiranja, ili asikose la kujibu."

Kutoka pale Mwalimu Bertha hakurudi shuleni. Alimpeleka Mwatumu moja kwa moja hadi nyumbani kwa Mzee Hatibu. Walimkuta barazani, kanzu safi, amekaa tu. Mwalimu alimwamkia kwa shikamoo, kitu ambacho wasichana hawakuwahi kukisikia shuleni, akamwomba radhi na kumrudishia ufunguo kwa mikono miwili. Mwatumu alipiga magoti, akasema yaliyomhusu.

Mzee aliugeuzageuza ufunguo kiganjani. "Nimekusamehe, mjukuu wangu," alisema. "Na kuhesabu nitahesabu. Siku hizi mbili nimeona kuwa baraka inaweza kuondoka hata bila ya kuhesabu. Lakini msamaha wangu haufiki mbali. Muulize huyu bibi yako."

Bi Mboni alikuwa amesimama mlangoni, ndoo iko miguuni pake. "Tangu jana sijateka maji," alisema. "Kila nikifika, maneno yanakatika. Mume wangu akisema hakuiba, nani atamwamini?"

Mwalimu Bertha alimgeukia Mwatumu. "Umesikia? Wewe uliona ni tarakimu tu daftarini. Tarakimu ya uongo haimdhuru kwanza aliyeiandika, humwangukia aliye karibu nayo, asiye na la kujitetea. Kuhesabu ni kazi ya dakika kumi, na kwa dakika kumi hizo mtu huyu angekula chakula chake kwa heshima. Na kosa likishatokea, anayejua ukweli akinyamaza huwa analirudia kila saa inayopita. Yaliyobaki sasa si yangu kuyafanya."

Mwatumu alielewa. Akainama, akaiokota ndoo ya Bi Mboni, akatangulia kwenda kisimani. Wanawake kumi na zaidi walikuwa pale wakiteka, na walipomwona Bi Mboni nyuma yake mazungumzo yalikatika. Mwatumu aliiweka ndoo chini.

"Shikamooni, mama zangu. Mzee Hatibu hakuiba unga. Magunia yamepatikana kivukoni. Mimi ndiye niliyeandika uongo, nikanyamaza akasingiziwa. Jina langu Mwatumu binti Sadalla."

Kisha mwanamke mmoja mtu mzima, aliyekuwa karibu na kamba, akasogea kando kumpisha Bi Mboni.

"Karibu, dada," alisema. "Maji bado yapo."