Wembe Ulioonyesha Gesi

Kila alasiri, nyumbani kwake katika mtaa wa Hai Jalaba, Nafiso, mama yake Naimo, huweka kaa la moto kwenye chetezo na kunyunyiza uunsi, ubani wa Kisomali. Chetezo kilikuwa kinakaa sakafuni, karibu na mtungi wa gesi. Nyumba inanukia hadi barabarani.

Alasiri moja jirani yake Lubega, mwalimu wa fizikia kutoka Uganda, alisimama mlangoni akinusa.

"Mama Naimo, mimi nasikia harufu ya gesi."

"Gesi gani, mwalimu? Nyumba yangu inanukia vizuri, wallahi!"

"Hiyo ndiyo shida. Uunsi inaficha gesi. Funga mtungi. Toa kaa nje, zima na maji. Fungua madirisha. Swichi ya taa, usiguse!"

Nafiso alifanya yote, lakini kubisha hakuacha. Mtu wa kubisha huyo!

"Mimi sioni kitu. Na gesi si inapaa juu kama moshi? Chetezo changu kiko chini."

Lubega akacheka. "Njoo kwangu uone."

Kwake hapakuwa na moto. Aliegemeza ukutani kioo kikubwa kilichobonyea katikati, akakimulika kwa taa ndogo. Mwanga ulirudi ukakusanyika mahali padogo kama punje. Hapo akasimamisha wembe, ukaziba nusu ya mwanga.

"Weka jicho nyuma ya wembe. Tazama kioo."

Lubega akanyoosha kiganja mbele ya kioo.

"Subhanallah! Mkono wako unatoa moshi!"

"Si moshi. Ni hewa ya moto. Mwanga ikipita hapo inapinda kidogo. Ingine inazuiwa na wembe, ingine inapita pembeni. Ndiyo sababu unaona giza na mwanga."

Kisha akashika kiberiti cha gesi mbele ya kioo. Hakukiwasha. Alibonyeza tu, gesi itoke.

Nafiso alisubiri ipande. Wapi! Ilimwagika chini kama maji.

"Inashuka," alisema polepole. "Inaenda kwenye chetezo."

Walirudi haraka kwa Nafiso. Lubega alifungua mtungi kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi. Mapovu yakavimba pale mpira unapoungana na mtungi.

"Kumbe!" Nafiso akasema. "Na watoto wanalala hapa!"

Dayib, mumewe, alileta mpira mpya siku hiyo hiyo. Walipaka sabuni tena, hakuna povu lililovimba. Mtungi sasa unakaa nje, mbali na kaa lolote.

Siku hizi ukienda dukani kwa Nafiso, anakuuliza kabla ya salamu: "Mpira wako umeupaka sabuni?" Jibu vizuri. Asiporidhika anafunga duka, anakuja kwako na bakuli la povu la sabuni.