Alifuta Jibu la Njia Sababu Haikukuwa Code

Tarehe kumi na saba, mwezi wa ine. Mvua inanyesha hapa Vulamba tangu asubui, bâche, turubai ya matanga, imejaa maji.

Ndugu wasomaji, niko na miaka makumi mbili na tano. Nilisoma mpaka ya ine secondaire, kisha baba akafariki, nikashika mashini ya kushona. Kama siandike muzuri, munisamehe.

Muhindo, muchumba wangu, ndiye alinifundisha kuandika programu mu telefone. Alifungua groupe ya batu ba Butembo na Beni benye kujifunza. Ilikuwa muzuri... kisha batu bakaanza kuleta maombi, picha za mupira, mbuzi za kuuzisha! Mutu anauliza sababu gani programu yake inakwama, swali linazama. Donc Muhindo akaweka sheria: hors sujet, maneno yenye si ya code, ya programu, inafutwa. Nisimuonee: alituuliza wote, na miye nilikubali.

Kitu kimoja tu kilileta kelele: habari za njia, kama barabara ni salama ao kuko risasi. Katembo, motard wa Beni mwenye kubeba batu ku pikipiki, aliandika: "Admin, mutu akikufa, atajifunza code na nani?" Batu bakacheka. Muhindo akajibu: "Groupe za njia ziko mingi, grand. Hapa ni code." Hakudanganya. Mais telefone yangu ni kidogo, zile zingine nilizitoa ili hii ipate nafasi.

Yaya Paluku, kaka yetu mukubwa, alikuwa mu mashamba ya kakao kule Mabalako. Baba hayuko, donc ni yeye alipashwa kupokea mbuzi za mahari yangu. Asubui ya safari ya kuja kuzipokea akanipigia: "Kahindo, uniulizie njia kwa batu ba Beni. Ukinyamaza, nitapanda gari."

Kwetu ni vile. Njia mubaya ndiyo inasemwa. Njia muzuri haina habari.

Nikauliza mu groupe, nikarudi ku mashini. Nilipoangalia tena, swali langu limefutwa! Chini yake kulikuwa message ingine yenye kufutwa. Nikafikiri ni mutu alicheka. Muhindo alikuwa amefunga groupe, mutu mwingine asiandike tena, ameandika: "Code tu. Hata bibi yangu!" Batu bamemuwekea vichwa vya kucheka.

Nikamupigia. "Muhindo, ni juu ya yaya!"

"Nikikuachia weye, kesho nitafuta ya nani? Ulizia fasi ingine."

Alikuwa na haki... sivyo? Nikapigia yaya ili angoje. Hapatikane tena. Nikapiga, nikapiga!

Gari yao bakaipiga masasi kabla ifike Beni.

Ku matanga ya yaya Katembo alikuja na pikipiki yake. Akanishika mukono: "Dada, nilikujibu. Niliandika: asipande, masasi inalia. Hukuona?"

Muhindo alikuwa amekaa pembeni yetu. Nikamuuliza kama aliisoma. Hakuficha, hilo nalo nimupatie.

"Niliisoma," akasema. "Mais haikukuwa code."

Je, niliposwa na mutu ao na sheria? Na miye, sababu gani sikumwambia yaya: kama hausikie sauti yangu, usipande? Sijui... Groupe ilipofunguliwa, batu bakaweka pole. Muhindo akazifuta zote. Hakupendelea mutu. Hata ya kwake hakuandika.

Weye mwenye kuongoza groupe, weka sheria, sikatae. Mais ukisoma, soma kama mutu, kabla ya kufuta. Na weye mwenye kushika njia, nakuomba: kimya si jibu. Usipande gari sababu ya kimya!

Nimemuambia Muhindo sitaolewa. Familia yake haikukasirika. Balisema mbuzi zilishafika, zikuliwe ku matanga.

Jioni hii tumekula fufu na nyama ya mbuzi ya mahari. Fungu la mwenye kupokea mahari, lile la yaya, mama ameliweka mbele yangu. "Kula, Kahindo. Hapana kuliangalia."

Nimelikula.