Tabasamu Lililotoweka Kabla ya Harusi

Kisanduku kilikuwa wazi, na ndani yake hamkuwa na kitu ila pamba.

"Vigae vyangu!" daktari wa meno alilalama. "Vya kauri, vyembamba kama ganda la kitunguu! Nilikuwa nivibandike sasa hivi kwenye meno ya bi harusi, kuziba mwanya. Nakwenda kunawa mikono, narudi, patupu!"

Inspekta alikuwa mama wa makamo. Wenzake kituoni walimwita Kobe kwa jinsi asivyojua haraka. Aliinama, akalitazama eneo la tukio: meza ya vifaa, kiti kirefu cha wagonjwa, dirisha lenye nondo.

"Wewe ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nje, Afande," bi harusi alisema, machozi yakimlengalenga. "Fundi wa nguo alinipigia simu. Harusi kesho, na meno sina!"

"Meno unayo. Huna vigae. Nani mwingine aliingia humu?"

"Mpokezi!" daktari alidakia. "Jana tuligombana. Mchukue alama za vidole!"

Mpokezi alishika kiuno. "Mimi? Vigae vilivyopimwa kinywani mwa mwenzangu nitavivaa wapi, magotini?"

Kobe alibana kicheko. Alikuwa ameona tone la maji sakafuni. Kisha jingine. Matone yalitoka mezani, yakaelekea mlangoni.

"Daktari, glasi ya kusukutulia iko wapi?"

"Ilikuwa hapa, imejaa maji."

"Vigae hivi hutiwa majini?"

"La hasha. Hukaa vikavu."

Kobe akajitegea kitendawili: ni nani alalaye huku meno yake yako glasini? Ni yule avaaye meno ya bandia, ayavuaye kila jioni na kuyatia majini yasiharibike. Mwizi huyu, basi, aliogopa kuviharibu alivyoiba.

Katika chumba cha kungojea alikuwamo bibi wa bi harusi tu, kikapu mapajani. Meno yake yalikuwa yamenyooka mno kwa umri wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kikapu chako kinavuja."

Bibi alishusha pumzi, akaitoa glasi mwenyewe. Vigae vilikuwa vimetulia chini ya maji.

"Huu ni wizi, mama."

"Najua. Andika maelezo, nitatia dole gumba."

"Kwa nini?"

"Mwanangu wa kumzaa, baba wa huyu bi harusi, alikuwa na mwanya huohuo. Tulimzika mwanangu huyo kabla bintiye hajaanza kutambaa. Sura kachukua ya mama yake, sauti ya mama yake, hata hasira. Kwa baba kaambulia mwanya tu. Niliwaambia wasiuzibe. Wakacheka, eti bibi ana wivu wa meno."

Bi harusi alikuwa amesimama mlangoni.

"Bibi, sikufuata urembo mimi. Kila nikicheka, mama huinuka mezani, akarudi macho mekundu. Nilitaka kesho akae."

Bibi alimkabidhi Kobe glasi. "Nami hukimbilia jikoni. Miaka yote tunapishana mlangoni na mkwe wangu, na hatuambiani."

Kobe alimgeukia daktari. "Una malalamiko?"

Daktari alikuna kichwa. "Nina mpokezi wa kumwomba radhi."

"Uanze kwa kupiga magoti," mpokezi alisema.

Bi harusi akaangua kicheko, mwanya wote nje.

Bibi alishikilia kiti kwa mikono miwili. Machozi yalimtiririka. Hakuinuka.